Pampu Iliyotafuna Kokoto

Jumatano, tarehe 14 Juni 1995, saa mbili na robo asubuhi, manyunyu yakianguka bila haraka juu ya mabati, watu wanne walisimama katika nyumba ya pampu ya shule ya bweni wakimtazama wa tano akishika spana.

Pampu hiyo ilikuwa imepandisha maji kutoka mtoni hadi kwenye tangi la kilimani kwa zaidi ya miaka thelathini. Jumatatu ilitetemeka, ikanguruma kama kinu cha kusagia mawe, ikaacha kusukuma. Tangu saa hiyo wavulana mia nne walikuwa wakishuka mtoni na ndoo, na zahanati ya shule ilikuwa ikiosha vidonda kwa maji ya kupimwa kwa kikombe.

Aliyeshika spana alikuwa fundi wa pampu, mzee mwembamba ambaye kila kizazi cha wanafunzi kilimwita Kapteni, kwa sababu ya kofia yake ya kaki na kwa sababu alipenda kuamuru. Waliomtazama walikuwa Mkuu wa shule, ambaye hakuwa ameufunga mwavuli wake hata ndani ya nyumba. Mtunza stoo, mtu wa jasho jingi hata asubuhi ya baridi. Mwenyekiti wa bodi, mkandarasi wa majengo, mpana wa mabega na mwepesi wa tabasamu. Na mgeni mmoja aliyekuja na mkoba wa vipimo. Mgeni huyo alikuwa mpelelezi wa mitambo. Kazi yake ilikuwa kuitazama mashine iliyokufa na kusema kama imekufa yenyewe au imeuawa.

Hakuwa mgeni kabisa. Yeye na Mwenyekiti walikuwa wamesoma shule hiyo hiyo, darasa moja, bweni moja, vitanda vyao vikitenganishwa na sanduku moja la bati. Yeye aliitwa Rula, kwa kuwa mgongo wake haukujua kupinda. Mwenzake, aliyekuwa kiranja mkuu, aliitwa Jemadari, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

"Shikamoo tena, Mzee," Rula alimwambia Kapteni. "Kabla hujagusa, nipe dakika moja nitazame."

Kifuniko cha pampu kilishikwa na nati nane. Kila nati ilikuwa imeelekeza ubapa wake mmoja juu kabisa, zote sawasawa, kama wavulana wanaosubiri kuitwa majina. Chini ya nati moja tone la maji lilikuwa likijaa polepole, likianguka, likianza upya. Rula alijikuta akitabasamu. Harufu ya grisi na chuma chenye unyevu ilikuwa imemrudisha karakana ya shule, enzi zile ilipokuwa bado karakana na si ghala la madawati yaliyovunjika: mabenchi ya mbao nzito, jiliwa zilizong'aa kwa kushikwa, na mwalimu wa karakana akipita nyuma ya migongo yao na kidole gumba kipana kama kijiko, akitamka neno lile lile moja kila siku. "Gwaride." Mvulana aliyemaliza kazi bila kuzipanga nati zake gwaride alizifungua zote akaanza upya, hata kengele ya chakula ikilia. Kilikuwa kipindi kikali, na waliopita humo hawakukilalamikia.

"Unacheka nini, Rula?" Jemadari aliuliza.

"Nimekumbuka mambo."

"Hapa kila ukuta una mambo yake. Mzee, fungua."

Kapteni alifungua. Kifuniko kilipoachia, kokoto za kijivu zilimwagika kwenye sakafu ya saruji, konzi tatu nzima, zikabiringika hadi kwenye viatu vya Mkuu. Kapteni aliokota moja, akaigeuza mbele ya macho yake.

"Si niliwaambia?" alisema. "Tangu Machi nasema pampu inatafuna mawe, mnaniona mzee anaota. Ni wanafunzi hawa. Mimi nawajua."

"Wanafunzi hawana ufunguo," alisema Mkuu. "Wewe unao, umeufunga kiunoni. Na mwezi uliopita ulisimama mbele ya walimu wote ukasema tutakukumbuka maji yakikatika."

"Nilisema kwa hasira. Uliniita mvivu mbele ya watu ninaoweza kuwazaa."

"Bodi inakaa Ijumaa saa nne. Ikithibitika umefanya wewe, utaachishwa kazi, utatoka katika nyumba ya shule, na jalada litakwenda polisi. Mpelelezi atatuandikia aliyoyaona."

Kapteni alivua kofia. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na nyumba ile ya vyumba viwili nyuma ya zahanati ndimo alimozaliwa kila mtoto wake.

Wengine walipoondoka, Rula alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaanza kuuliza.

"Kelele ilianza lini?"

"Baada ya Siku ya Waasisi, mwezi Machi. Kama mtu anamwaga changarawe ndani ya sufuria. Nikienda kulala naisikia bado."

"Haikutulia hata siku moja?"

"Ilikuwa inatulia. Nikiibana kidogo vali ya kutolea maji, hii ya kwenda kilimani, inanyamaza. Nikiifungua yote, inatafuna. Basi nikawa naibana. Tangi likawa halijai, Mkuu akanijia juu, akaniamuru nifungue yote. Nikafungua yote. Matokeo unayaona."

"Kwa nini ilinyamaza ukiibana?"

"Ilikuwa inameza mawe machache. Wewe ukila taratibu si unatafuna taratibu?"

Rula hakumsahihisha. Alisogea upande wa pili, pale bomba linaloleta maji kutoka mtoni lilipoingia kwenye pampu, akaigonga kwa ukucha geji ndogo ya shaba, kipimo cha msukumo wa maji, iliyokaa juu yake. Sindano ilikuwa kwenye sifuri. Haikutikisika.

"Hiyo ndiyo fahari yangu," Kapteni alisema. "Zamani pampu ikizunguka, sindano ilikuwa inashuka upande wa mvuto. Tangu Jemadari atuwekee bomba jipya imekaa sifuri tu, pampu ikizunguka, pampu ikilala. Mwenyewe aliniambia: Kapteni, ukiona sifuri ujue bomba halina tabu. Hata wageni nimewaonyesha."

"Bomba lilikuwa zawadi yake?"

"Umelipita jiwe lenye jina lake hapo mlangoni. Alilifunua mwenyewe Siku ya Waasisi, mbele ya shule nzima. Siku hiyo maji yalitoka, watu wakapiga makofi. Wewe hukuja."

"Sikuja," Rula alikubali.

Aliichukua impela, lile gurudumu la mapanga linaloyasukuma maji, akaipeleka dirishani na kuifuta kwa kitambaa. Mapanga hayakuwa na mkwaruzo wa jiwe wala pengo la kugongwa. Lakini karibu na jicho la gurudumu, pale maji yanapoingilia, chuma kilikuwa kimeliwa vishimo vishimo, vyembamba na virefu, kama sega kuukuu la nyuki. Panga moja lilikuwa limekatika kabisa hapo. Kisha alizitazama kokoto. Zilikuwa na pembe kali, na katika mikunjo yake vumbi la saruji lilikuwa halijaoshwa vizuri.

Alishuka mtoni na kulivuta chujio la mdomo wa bomba. Lilikuwa zima. Ncha ya kidole chake kidogo haikupenya katika tundu lake lolote, na kokoto zile zilikuwa na ukubwa wa kidole gumba.

Basi hazikuja na maji. Kuna mtu alizitia kwa mkono, pampu ikiwa imekwisha kufa. Jambo hilo halikumsaidia Kapteni. Lilizidi kumbana, kwa kuwa pampu ilikuwa nyuma ya kufuli na ufunguo ulikuwa kiunoni mwake.

Zahanati ilikuwa bado na harufu ile ile ya dawa ya sakafu. Matroni naye alikuwa yule yule, mnene zaidi, na miwani yake sasa ikiwa imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Simama kwenye mwanga nikuone. Aa, ni wewe. Wewe ndiye wa mafuriko. Homa imekupanda, unaongea na ukuta, gari la shule limekwama, daraja limefunikwa. Yule kiranja akakuvika blanketi, akakubeba mgongoni hadi hospitali, maji yakimfika kifuani. Bila yeye leo ungekuwa udongo."

"Nakumbuka, Mama."

"Hukumbuki chochote, ulikuwa maiti. Mimi ndiye ninayekumbuka. Umekuja kumfukuza Kapteni?"

"Nimekuja kutazama pampu. Kapteni anasema tangu ife aliiacha Jumanne mchana tu. Alikuwa wapi?"

"Kwenye kitanda hicho hapo. Presha ilimpanda, Mkuu alikuwa amemsema sana. Nilimlaza tangu chakula cha mchana hadi jioni, na mlango nikaufunga asinitoroke."

"Hukusikia kitu kutoka nyumba ya pampu?"

Alifikiri, akivuta uzi wa miwani. "Chuma kikigonga chuma. Sasa unaponiuliza nashangaa. Nilidhani ni fundi mwingine ameletwa."

Hakuna fundi mwingine aliyeletwa. Rula alikuwa ameuliza hilo mapema.

Saa kumi na moja jioni manyunyu yalikatika. Jemadari alimkuta nje ya bweni lao la zamani, akitazama ndani kupitia dirishani. Vitanda vya mbao vilikuwa vimebadilishwa vya chuma, lakini blanketi zilikuwa zimekunjwa vile vile, kona nne, na sakafu ilikuwa imesuguliwa hadi ikawa na rangi ya mkate.

"Chako kilikuwa cha tatu," Jemadari alisema. "Ulikuwa unapima blanketi kwa rula. Nilikuwa nawaambia wenzetu, huyu akifa ataomba jeneza lipimwe upya."

"Nawe ulikuwa unalala na viatu ili uwe wa kwanza uwanjani."

"Na nilikuwa wa kwanza. Kila siku, miaka minne." Jemadari alicheka, kisha akaacha. "Rula, mwandikie Mkuu ukurasa mmoja. Kokoto, ufunguo, hasira ya mzee. Bodi itasoma, mambo yatakwisha. Kapteni nitamtafutia pa kukaa, hatalala nje."

"Nani aliyeitajia bodi jina langu, Mkuu au wewe?"

"Mimi. Nilisema nataka mtu ninayemjua." Aliweka mkono wake mzito juu ya bega la mwenzake. "Tangu siku ile ya mafuriko nimewahi kukuomba nini?"

"Hujawahi."

"Basi naomba hili moja."

Alikwenda zake akipiga mluzi wimbo wa gwaride la asubuhi. Rula alibaki dirishani. Mtu aliyembeba katika maji ya kifuani alikuwa amemwomba ukurasa mmoja, na ukurasa huo ungemtoa mzee nyumbani kwake.

Alhamisi asubuhi alianza na Mtunza stoo, ambaye shemeji yake, kama kila mtu shuleni alivyojua, alikuwa muuza pampu.

"Shemeji yako alikuja hapa Jumatatu jioni," Rula alisema. "Pampu ilikufa mchana. Miguu yake ni myepesi."

Mtunza stoo alijifuta uso. "Watu wa hapa wana midomo. Ndiyo, nilimpigia simu. Pampu imekufa, ndugu yangu anauza pampu, ningempigia nani, muuza viatu? Lakini kuiua, hapana. Hata kuifungua sijui. Mimi nikishika spana najiumiza mwenyewe."

"Ufunguo wa pili wa nyumba ya pampu uko wapi?"

"Huu hapa, ukutani."

"Jumanne mtu yeyote alikuomba ufunguo huo?"

"Hakuna aliyeuomba. Naapa."

Alitazama moja kwa moja alipolisema, na Rula aliona kwamba hilo lilikuwa kweli. Alilazimika kurudi kwenye mashine.

Kando ya pampu kubwa ilikuwapo pampu ndogo ya akiba, iliyotumia bomba lile lile la kutoka mtoni. Haikuweza kulijaza tangi, lakini iliweza kutoa ushahidi. Kapteni alifungua kizibo kilichokuwa juu ya bomba, karibu na geji ya shule, Rula akafunga hapo geji yake mwenyewe. Mkuu alikuja kusimama mlangoni na mwavuli wake.

"Washa, Mzee."

Pampu ndogo ilizunguka. Sindano ya geji ya shule ilibaki kwenye sifuri. Sindano ya Rula ilishuka, ikapita alama ya kwanza, ikapita ya pili, ikasimama mbali huko chini ikitetemeka.

"Moja inasema uongo," alisema Mkuu.

Rula alizima mashine, akaifungua geji ya shule na kuigeuza. Kitundu cha chini, ambacho maji yanapaswa kukigusa ili sindano ijue hali yao, kilikuwa kimezibwa kwa gundi ya chuma, ikakwanguliwa vizuri isionekane.

"Mkuu, huwa tunasema pampu inavuta maji," alisema. "Haivuti. Inafungua nafasi tu mbele yake, na uzito wa hewa iliyo juu ya mto ndio unaoyasukuma maji yapande hadi hapa. Msukumo huo una kikomo. Kuyapandisha kutoka mtoni kunautumia kwa kiasi cha mita tatu, na hiyo ni halali. Lakini geji yangu inasema umetumika kwa mita sita, tena na pampu hii ndogo. Mita tatu zimeliwa njiani."

"Zimeliwa na nini?"

"Na njia yenyewe. Maji mengi yakilazimishwa kupita pembamba, yanafika yamechoka. Kwa pampu kubwa, vali ikiwa wazi yote, yalifika yamechoka mpaka yakachemka."

"Maji baridi?"

"Maji yanachemka kwa sababu mbili. Ama umeyapa moto, ama umeyaondolea msukumo. Hapa kwenye jicho la impela yalichemka yakiwa baridi, yakatoa vipovu vya mvuke. Vipovu vikasafiri hatua moja mbele, penye msukumo mkubwa, vikabomokea ndani. Kila kimoja kinapobomoka kinapiga chuma kama nyundo ya sonara. Ni maelfu kila dakika. Hiyo ndiyo kelele ya kokoto. Kapteni alipoibana vali, maji yalipita machache, njia ikayatosha, pampu ikanyamaza. Alikuwa anaiokoa bila kujua. Wewe ulimwamuru aache."

Mkuu aliufunga mwavuli wake. "Kwa hiyo mawe hayakuwamo."

"Hayakuwamo mpaka Jumanne. Pampu iliuawa kwa kunyimwa msukumo. Mawe yaliletwa ili tutafute muuaji mwingine."

"Mimi nasema yalikuwamo," Kapteni alinung'unika. "Nimeyasikia kwa masikio yangu." Alikuwa akirudisha kifuniko cha pampu kubwa ili vumbi lisiingie, akizungusha spana kwa mikono ya haraka. Rula alimtazama akimaliza. Nati nane zilikuwa zimekaza, na kila moja ilielekea kwake: hii pembe juu, ile pembe kando.

"Mzee, huzipangi?"

"Nizipange ziende wapi? Nati ikikaza imekaza. Kuna wajinga huirudisha nyuma kidogo ili ipendeze, halafu inavuja."

Rula aliliona tena tone lile la maji lililojaa na kuanguka. Nati nane za Jumatano zilikuwa gwaride. Moja yao ilirudishwa nyuma ili ilingane na nyingine. Karakana ilikuwa imefungwa kwa zaidi ya miaka ishirini, mwalimu wake alikuwa amekwisha kuzikwa, na katika eneo lote la shule siku ya Jumanne kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye mikono yake ingefanya vile bila kuulizwa. Alikuwa ameupita ushahidi huo akitabasamu, kwa sababu ulimpendeza.

Alirudi stoo.

"Nilikuuliza ufunguo," alimwambia Mtunza stoo. "Sasa nakuuliza kishada cha funguo. Kishada kizima kilitoka Jumanne?"

"Kishada, ndiyo. Mwenyekiti alikichukua baada ya chakula cha mchana akakague paa la bweni jipya analotujengea. Jana uliniuliza—"

"Leo asubuhi."

"Leo asubuhi uliniuliza ufunguo. Mwenyekiti hakuomba ufunguo. Alinyanyua zote ukutani akaenda. Nani wa kumwuliza Mwenyekiti?"

Mchana vibarua wawili walichimba nyuma ya ukuta wa nyumba ya pampu. Bomba lililotoka ukutani lilikuwa la inchi sita, lililopakwa rangi ya kijani, kama ilivyopaswa. Chini ya udongo, mahali ambapo jicho la mgeni haliwezi kufika, lilinywea ghafla likawa la inchi tatu, likaenda hivyo hadi ukingo wa mto. Huko, kabla ya kujitokeza nje, lilirudi kuwa la inchi sita, na rangi ya kijani tena.

Ijumaa saa tatu na nusu, wajumbe wa bodi walipokuwa bado wanakunywa chai ukumbini, Rula aliomba watu wanne, Mkuu, Mwenyekiti, Kapteni na Mtunza stoo, waje karakana ya zamani. Walisimama kati ya madawati yaliyovunjika. Benchi moja zito lilikuwa bado pale, na juu yake Rula aliweka geji iliyozibwa, kokoto moja, na kipande cha bomba la inchi tatu.

"Bomba hili lilifukiwa na vibarua wako, Jemadari," alisema. "Kwa sheria za ujenzi ungeweza kusema ni makosa yao. Lakini geji haikuzibwa na kibarua. Kibarua hajui geji inasema nini. Aliyeiziba alijua kwamba ingemsema, na ndiye aliyemfundisha Kapteni kuifurahia sifuri."

Jemadari alikuwa na tabasamu lake. "Endelea. Ulikuwa unapenda kuhutubia."

"Jumanne ulichukua kishada cha funguo. Matroni alisikia spana, na Kapteni alikuwa amefungiwa zahanati. Kokoto ulizitoa kwenye ujenzi wa bweni. Vumbi lake la saruji lingalipo. Ulifunga kifuniko, ukazipanga nati zako gwaride. Mkono wako ulifanya hivyo peke yake. Na moja uliilegeza ili ilingane."

Kapteni alimgeukia Mwenyekiti polepole. "Ni wewe? Mimi niliyekupigia saluti Siku ya Waasisi?"

Tabasamu lilikwisha. Jemadari alivuta dawati lililovunjika mguu, akalikalia kwa uangalifu, mwanamume mkubwa juu ya kitu kidogo.

"Lori la mabomba liliharibika njiani," alisema. "Sherehe ilikuwa kesho yake. Nilikuwa nimeahidi mbele ya wazee wote, na jiwe lilikuwa limekwisha kuchongwa. Kwenye yadi yangu yalikuwapo ya inchi tatu. Nikasema, nitayaweka haya, maji yatoke, watu wapige makofi, nitarudi wiki ijayo nibadilishe. Siku ya majaribio nikaona sindano inavyoshuka. Nikaiziba. Wiki ijayo ikapita. Ningechimba vipi tena, mbele ya macho ya watoto, chini ya jina langu mwenyewe? Halafu pampu ikafa, na kila mtu tayari anasema kokoto. Niliwapa kokoto."

"Na mzee?" Mkuu aliuliza.

"Nilisema nitamtafutia pa kukaa."

"Ninapo pa kukaa," alisema Kapteni, akavaa kofia yake.

Kisha Jemadari akawageukia Mkuu na wengine, na kwa sauti ile ya kiranja mkuu ambayo hakuna aliyewahi kuikataa alisema, "Tuacheni dakika moja."

Walitoka. Kupitia dirisha lisilo na kioo sauti za wavulana waliokuwa wakirudi na ndoo zilisikika, mmoja akimtukana mwenzake kwa kumwagia maji miguuni.

"Hujatia sahihi bado," Jemadari alisema.

"Bado."

"Bomba la inchi sita liko yadi. Wiki mbili litakuwa chini ya ardhi, pampu mpya nitanunua mimi. Andika kwamba ilizeeka. Pampu ya miaka thelathini, nani atabisha? Kapteni anabaki na nyumba yake, shule inabaki na maji, mimi nabaki na jina. Hakuna anayeumia."

"Mkuu amesikia."

"Mkuu nimemweka mimi. Neno lako ndilo linalohitajika." Aliinuka. Alikuwa bado mrefu kuliko Rula, kama zamani. "Usiku ule maji yalinifika hapa. Ulikuwa unanitapikia shingoni. Mara mbili niliteleza, na mara zote mbili ningeweza kukuachia nijiokoe. Unajua hilo."

"Najua. Matroni amenikumbusha, na kabla yake nilikuwa nakumbuka kila siku ya maisha yangu."

"Basi nilipe."

Rula alitoa karatasi mkobani, akazilaza juu ya benchi lile ambalo wote wawili walikuwa wamejifunzia kazi. Zilikuwa na kila kitu: geji, bomba, kokoto, nati, na jina. Alitoa kalamu, akatia sahihi pale chini, taratibu, herufi kwa herufi.

"Siku utakayoshindwa kutembea, nitumie mtu," alisema. "Nitakuja, hata kama daraja limefunikwa, na nitakubeba. Hilo unanidai, na sitalikana mbele ya mtu yeyote. Leo unatembea. Hili ulilolitaka silipi."

Jemadari alifunga kitufe cha juu cha koti lake, akatangulia kutoka, kuelekea ukumbini ambako bodi ilikuwa ikimsubiri afungue kikao.